Pointi ya Kwanza Ilikuwa Majini

Wacheni hii aibu niwaambie mwenyewe, kwa sababu Musyoka akianza kuisimulia huongeza chumvi mpaka nasikika kama mtu aliyekosa akili kabisa, na akili nilikuwa nayo, ila nilikuwa pia na haraka na kiburi kidogo (sawa, si kidogo).

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa msichana niliyetoka chuo juzi tu, nimepata kazi kwa mradi mmoja mdogo pale Machakos mjini wa kupima udongo wa wakulima, na mradi ukanunua mashine ya GPS ya mkononi, kadude ka njano kanakoenea kwenye kiganja, na kwa kuwa ofisi nzima ni mimi peke yangu niliyekuwa siogopi kompyuta, bosi akasema, "Ndinda, hiyo ni yako." Weh! Niliivaa shingoni hata nikienda kununua chapati.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Kulikuwa na wakulima wa Masinga waliokubali tupime mashamba yao, yale yaliyo ng'ambo ya barabara, mbali kidogo na maji ya bwawa. Nilitakiwa kusoma namba za kona moja kwenye ramani ya karatasi, kisha kompyuta ijumlishe mita mia kwenda kulia, mita mia kwenda chini, hivyo hivyo mpaka eneo lote lijae pointi zilizojipanga kama miraba ya daftari la hesabu, halafu nizimwage zote ndani ya GPS, twende tukapige kigingi kwa kila pointi, na wachimba udongo watufuate baadaye.

Sasa kuna mahali mashine inakuuliza hizo namba umezitoa kwa ramani ya aina gani, maana zile ramani zetu za zamani zilichorwa kwa hesabu moja ya umbo la dunia na GPS inakuja na hesabu yake nyingine. Orodha ya kuchagua ilikuwa ndefu, majina ya ajabu ajabu, ni Ijumaa jioni, na mimi nimealikwa nyama. Nikaiacha vile nilivyoikuta. Musyoka, ambaye ndiye angenishikia nyundo kesho yake, akauliza kutoka mlangoni, "Umeiambia ni ramani gani?"

"Dunia ni moja, Musyoka," nikamjibu, nikazima kompyuta.

Kesho yake tukafika Masinga asubuhi, nimevaa raba nyeupe mpya, nikawasha mashine, nikafuata mshale. Mshale ukatuteremsha, ukatuteremsha, mpaka nikasikia miguu imekuwa baridi, kuangalia chini, niko ndani ya bwawa. Kina mama waliokuwa wakiteka maji wakasimamisha madebe wakanitazama.

"Unatafuta nini, mwana wakwa?" mmoja akaniuliza.

"Natafuta pointi, mwaitu," nikamjibu, yaani mama.

"Imezama?"

Walicheka mpaka ndege wakaruka. Mtu mwenye busara hapo angerudi garini akafikiria, lakini mimi nikamwambia Musyoka kwamba ramani ni ya zamani, mvua imenyesha, maji yamepanda, tuache huo mstari wa kwanza twende wa pili. Akaniuliza, "Si mashamba tuliambiwa yako ng'ambo ya barabara?" Nikamwambia barabara zimeongezeka.

Basi tukapiga vigingi, kila kimoja na utepe mwekundu unaopepea, shamba hadi shamba, na hakuna mtu aliyetuuliza kitu kwa sababu hapakuwa na mtu. Nyumba zimefungwa, kimya. Nikasema leo nina bahati, kumbe kijiji chote kilikuwa kwa Mzee Kilonzo, ambako binti yake, Mwende, alikuwa anafanyiwa ntheo, yaani watu wa bwana harusi wameleta mbuzi ili msichana ahesabiwe kuwa amechumbiwa rasmi.

Na pointi yangu iliyofuata ilikuwa uani kwa Mzee Kilonzo.

Niliingia kwa mwanya wa ua, macho kwenye kioo cha mashine, nasoma kwa sauti, "Mita kumi... mita tano... mita mbili," nyimbo nazisikia lakini sizisikilizi, nikapita katikati ya watu. Upande wa msichana walidhani nimekuja na wageni, na wageni walidhani mimi ni binamu ya msichana, kwa hivyo wote wakanipisha kwa heshima. Nikasimama kati ya wazee na mbuzi. "Hapa!" nikasema, na Musyoka (ambaye mpaka leo anaapa kwamba alikuwa akitii amri tu) akapiga kigingi.

Nyimbo zikakatika. Mjomba wa bwana harusi, mzee mrefu mwenye koti na kofia, akakiangalia kile kigingi, akaniangalia mimi. "Hiki ni nini?"

"Ni pointi ya mradi, mzee. Itabidi mbuzi wasogee kidogo."

Ningejua, ningenyamaza. Mtu mmoja aliyechelewa kufika akapaza sauti kwamba njiani ameona vigingi vya utepe mwekundu kuanzia majini mpaka hapa, mwingine akasema basi ni yale yale, bwawa linapanuliwa, watu wanahamishwa, na kabla sijafungua mdomo nyanya mmoja ameanza kulia, Mwende amekimbilia ndani, na mjomba anasema, "Kwa hivyo tumeleta mbuzi kwa boma linaloenda kuwa maji?" Vijana wake wakaanza kufungua kamba za mbuzi.

Mzee Kilonzo hakunigombeza. Alikuja karibu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, niambie ukweli. Nahamishwa?"

Hapo ndipo kiburi kiliniisha. Yule mzee alikuwa ananitazama kana kwamba mimi ni daktari niliyeshika majibu yake. Nikatoa ramani, nikauliza kama kuna kitu karibu ambacho hakijawahi kuhama. Wakasema shule, iko pale nyuma tu. Tukaenda, na nikisema tukaenda namaanisha ntheo yote, wazee, wageni, kina mama, hata Mwende aliyekuwa amekimbilia ndani, na mbuzi wawili. Nikasimama langoni, nikasoma namba za GPS, nikazitafuta kwenye ramani. Kwenye ramani shule imechorwa upande wa maji, lakini kwa namba zangu nilikuwa nimesimama ng'ambo kabisa ya barabara, karibu mita mia tatu kutoka langoni.

"Nimekosea," nikasema.

"Sema kwa sauti," mjomba akasema, "huko nyuma hawajasikia."

Wakaniletea kiti cha darasani nikapanda juu yake, raba zinatoa matope, nikapaza sauti: "Hakuna anayehamishwa! Pointi zangu ndizo zimehama! Ni makosa yangu mimi!"

Kicheko kimoja kikatoka nyuma, na kilikuwa cha Mwende mwenyewe. Mbuzi wakafungwa tena. Lakini kina mama wakasema siondoki hivi hivi, vigingi nitang'oa mwenyewe, na wakanisindikiza kutoka kimoja hadi kingine, wakiimba wimbo walioutunga papo hapo kuhusu msichana anayeyauliza maji njia, na kila kigingi kikitoka, vigelegele. Musyoka hakusaidia. Alikuwa ameketi na wazee, anakula.

Tangu siku hiyo siingizi pointi hata moja kwenye GPS kabla sijasoma ile orodha yote ya ramani, jina kwa jina, hata kama nyama inaungua, na nikifika mahali nasimama kwanza penye kitu ninachokijua.

Na harusi ya Mwende ilipofika nilialikwa. Mzee Kilonzo alimtuma Musyoka na ujumbe: "Mwambie Ndinda aje bila kukosa. Lakini njia aulize watu."