Samaki Niliowarudisha Majini

Kazi niliyoifanya kwa muda mrefu kuliko zote niliipata kwa sababu ya kumjua samaki. Wenzangu walishuka shimoni mgodini, wakatoka jioni wameganda vumbi la mawe hadi kwenye kope. Mimi nilitembea kando ya kijito kule upande wa Geita, mkoba wa mzungu begani, nikimwonyesha wanapolala samaki tunaowaita kuyu. Nilikuwa na mke, watoto wawili na ndevu za kutosha, kwa hiyo mtu asidhani nasimulia utoto wangu. Akili nilikuwa nazo, ila sikuzitumia.

Mzungu huyo alikuwa mhandisi wa mitambo ya kusagia mawe, amekuja miaka michache baada ya vita kuu ya pili. Kwao, alinieleza, kuna vijito vyembamba vya maji baridi, na humo anaishi samaki wa kahawia mwenye madoa mekundu, aitwaye trauti. Sisi trauti hatuna, maji yetu ni ya uvuguvugu. Lakini mvua zikianza, kuyu hupanda kutoka ziwani, wakaingia vijitoni na kukaa chini ya mizizi, vichwa vikikabili mkondo. Mhandisi aliporidhika kwamba kuyu naye ana nguvu na hila, alitafuta mtu wa kumwongoza. Wa kwanza hakudumu, nikajitokeza mimi.

Hakutumia mnyoo wala kipande cha nyama. Alichukua ndoana ndogo sana, akaifunga unyoya wa kanga kwa uzi mwembamba mpaka ikafanana na nzi, kisha akaurusha mshipi kwa ufito mrefu ili nzi yule atue juu ya maji. Siku ya kwanza nilicheka mpaka nikaketi chini. Kisha maji yakapasuka, kuyu akamdaka nzi wa manyoya, nami nikainuka upesi.

Kazi yangu ilikuwa kutangulia nimeinama, nipande dhidi ya mkondo ili samaki wasinione, nichunge kivuli changu kisianguke majini, nimwelekeze kwa kidevu: pale, chini ya ule mzizi. Samaki akinasa, niliingia majini kumshika. Na hapo ndipo mambo yalipokuwa ya ajabu. Alinifundisha kulowesha mikono kwanza, nimchomoe ndoana taratibu, nimshike chini ya tumbo huku kichwa kikikabili maji, nisubiri mpaka mashavu yake yaanze kupumua vizuri, halafu nifungue mikono. Samaki anakwenda zake. Kila samaki, mkubwa kwa mdogo.

“Kesho atakuwepo,” alisema mhandisi.

Nilidhani ni wazimu wa siku moja. Haukuwa wa siku moja. Kipande kile cha kijito kilikuwa ndani ya eneo la mgodi, na watu walikuwa wamekatazwa kuvua humo. Ilinibidi hata niing'oe mitego ya matete niliyoikuta. Mmoja niliutambua kwa jinsi ukingo wake ulivyosukwa, matete mawili juu, moja chini. Kwetu aliyesuka hivyo alikuwa mtu mmoja tu, naye ni mama yangu. Niliutupa kichakani, nikaendelea na safari. Jioni hiyo sikumwambia kitu, naye hakuuliza.

Mwaka uliofuata mama akaugua uvimbe tumboni. Tulimpeleka hospitali ya misheni kule Kolandoto, siku mbili za lori la pamba na kivuko. Walimtunza vizuri, lakini daktari aliniita pembeni, akaniambia dawa za ugonjwa ule hana. Turudi nyumbani, alisema, na mama ale chochote anachokitamani.

Alitamani kitu kimoja. Alipoletwa ukweni akiwa mwari, chakula cha kwanza alichopewa kilikuwa mchuzi wa kuyu wa kijito kile. Sasa alikuwa akirudisha uji, akirudisha maziwa, na samaki mkavu wa sokoni alimkataa kwa harufu tu. Mke wangu alinunua samaki wabichi wa ziwani mara mbili, akawapika kwa ustadi wake wote. Mama alionja, akasukuma bakuli.

“Mnitafutie kuyu wa mtoni,” alisema. “Mmoja tu.”

Nami kila siku nilikuwa nikimshika kuyu kwa mikono miwili na kumwachia.

Mtu atauliza: kwa nini hukuomba? Nimejiuliza swali hilo kwa ukali kuliko atakavyoniuliza mtu yeyote. Mwongozaji aliyenitangulia alifukuzwa kwa kukutwa na samaki mmoja ndani ya kofia, hilo nililijua. Lakini kufukuzwa siko nilikokuogopa zaidi. Niliona haya. Mhandisi alizoea kuniita mtaalamu wake, akiwaambia wageni wake kwamba mimi ndiye mwafrika pekee anayeelewa uvuvi wa kiungwana. Sifa zile zilinilevya. Sikutaka aone kwamba ndani ya mtaalamu kuna mtu mwenye shida ya kitoweo. Basi nikamwambia mama kwamba kuyu wameadimika mwaka huu, mvua ni chache.

Jioni nilikuwa na kazi ya kumwinua mama ili anywe maji. Nilimweka kifuani pangu, mkono mmoja mgongoni, mwingine umeshika kata karibu na mdomo wake. Nilikuwa nimenawa kwa sabuni na majivu. Kuyu haondoki mikononi kwa sabuni.

“Mwadila, mayu,” nilimsalimia mama kwa Kisukuma jioni moja.

“Mwadila.” Akatulia, pua yake karibu na vidole vyangu. “Leo umeshika samaki, ng'wanawane, mwanangu?”

“Nilipita kwa wachuuzi, mayu. Nilimsaidia mmoja kushusha tenga.”

“Ehee,” alisema, akanywa maji. Hakuuliza tena, wala hakumtaja tena kuyu. Nikajidanganya kwamba hamu imemtoka, na moyo wangu, Mungu anisamehe, ukapata nafuu.

Baada ya wiki mbili mke wangu alinitolea uvivu. “Mama yako anakwisha,” alisema. “Huyo mzungu ana meno ya kukung'ata? Nenda kamwombe.”

Nikaenda. Nilingoja tukiwa mtoni, samaki yuko tayari mikononi mwangu, mdogo wa kiasi cha kiganja na nusu. Maji yalinifika magotini. Nilisema yote kwa pumzi moja: mama yangu mgonjwa, hali kitu, anamtaka kuyu wa hapa. Mhandisi akaweka ufito wake chini kwenye majani.

“Tangu lini?” aliuliza.

“Tangu tulipotoka Kolandoto, bwana.”

“Kwa nini hukusema? Ningekupa siku ya kwanza.”

Alitafuta jani la mgomba yeye mwenyewe, akamfunga samaki, akaniambia niende nyumbani saa ile ile. Afadhali angenitukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, sikuwa nimejiandaa kwa jibu lile.

Nilifika jua likiwa bado juu. Mke wangu alikuwa ameketi mkekani karibu na mama, akimpepea. Nikafungua jani mbele yao. Mama alimwangalia samaki, akamgusa magamba kwa kidole, kisha akaniangalia mimi. Hakuwa na hasira hata kidogo.

“Leo wamekubakizia?” aliuliza.

Mwanzoni sikuelewa. Halafu nikaelewa. Wiki zote zile, kila nilipomwinua anywe maji, alinusa kuyu mikononi mwangu na kujua kwamba nimekula. Mimi na wenzangu huko huko, mtoni, tumechoma, tumemaliza, nimerudi nyumbani na harufu.

“Mayu, sikuwala,” nilisema. “Nakuapia. Tulikuwa tunawarudisha majini.”

“Mnawarudisha?”

“Mzungu anavua, mimi nawaachia. Wote. Ndiyo kazi yangu.”

Alitabasamu, lile tabasamu alilokuwa akinipa nilipokuwa mdogo nikisema paka ndiye aliyekunywa maziwa.

“Usijisumbue, ng'wanawane,” alisema. “Mwanamume anafanya kazi, ana njaa yake. Mimi sikukasirika.”

Nilirudia kumweleza, nikaonyesha hata kwa mikono, hivi, chini ya tumbo, kichwa kikikabili mkondo. Alinipigapiga mkono ili ninyamaze. Mchuzi ulipoiva alikunywa vijiko viwili, akasema chumvi ipo sawasawa. Alifariki siku ya tatu yake, asubuhi. Alikuwa amenisamehe kosa ambalo sikulitenda, na lile nililolitenda hakulijua.

Tulipoanua matanga, tukiwa tumebaki wenyewe, mke wangu aliniuliza kwa upole: “Sasa niambie ukweli. Mlikuwa mnawalia wapi?”

Siku niliporudi kazini nilimchukua, nikamwomba mhandisi ruhusa asimame ukingoni. Kuyu wa kwanza alikuwa mnene, mzuri, wa kutosha nyumba nzima. Nililowesha mikono, nikamchomoa ndoana, nikamshika chini ya tumbo mpaka akapumua vizuri. Nikafungua mikono. Tukamwona akiteleza chini ya mzizi wake.

Mke wangu alijifunga kanga yake upya, akageuka kurudi nyumbani.

“Afadhali ungekuwa unawala,” alisema.