Mzaha wa Mpara Samaki Uliomvunja Mkono Mwenzake

Magamba yanaruka na kunasa kwenye mtandio wa Asmahani Idarusi, naye hana habari nayo. Ameinamia changu mkubwa, kisu kinakwenda mbele na nyuma, na mdomo nao haupumziki.

"Mchezo wa leo unaitwa Pata Kitanda," anawaambia wanawake wanaopara samaki pamoja naye katika soko la Deep Sea, jijini Tanga. "Wajawazito wawili, kitanda kimoja. Mtangazaji anauliza: mji mkuu wa Brazili ni upi? Anayejibu kwanza, analala. Aliyeshindwa hatoki mikono mitupu, anapewa mkeka na kalenda ya mdhamini."

Wanawake wanacheka. Mteja anayesubiri samaki wake anacheka. Asmahani hacheki.

"Watu wanadhani nachekesha," anasema bila kuinua macho. "Nina hasira tu. Nikisema kwa hasira hawanisikilizi. Nikisema kama televisheni, wanaacha kazi wananitazama."

Asmahani ni mjane, mama wa watoto watatu, na amekuwa akipara samaki tangu mumewe alipofariki. Siku ikiwa nzuri anaondoka na shilingi elfu kumi. Ikiwa mbaya, anaondoka na harufu.

Michezo yake ya kubuni ni mingi. Upo Njoo Kesho, ambamo washiriki wanapanga foleni kwenye dirisha la ofisi, na mshindi ni yule atakayechelewa zaidi kukasirika. Upo Thibitisha Uko Hai, ambamo mstaafu anabishana na karani aliyeshika cheti chake cha kifo.

Na upo mmoja ambao hautaji tena kwa mzaha: Kimbia na Ndoo.

Aliubuni mwaka jana, mtaa anaoishi huko Mabawa ulipokaa miezi bila maji ya bomba. Katika mchezo huo wanawake wanakimbia na ndoo zilizojaa maji kichwani, juu ya turubai lililopakwa sabuni. Wakikaribia kumaliza, mstari wa mwisho unasogezwa mbele. Zawadi ni tangi la maji, tupu.

Siku moja kijana aitwaye Yasini, mtengeneza vipindi wa televisheni ya mtandaoni yenye studio Chumbageni, alifika sokoni kununua pweza. Alisimama akasikiliza, akacheka mpaka akashika meza.

"Shikamoo mama. Hebu rudia huo wa ndoo," aliomba, huku akimrekodi kwa simu.

"Nikaitikia marahaba, nikarudia," anakumbuka Asmahani. "Nilijua anataka kuwaonyesha wakubwa tabu yetu. Tena nilifurahi."

Wiki chache baadaye gari la matangazo lilipita Mabawa likiwaita wanawake wajiandikishe kwenye kipindi kipya, Kimbia na Ndoo. Turubai lilikuwepo. Sabuni ilikuwepo. Tangi nalo lilikuwepo, limefungwa utepe mwekundu.

Benedikta Yona, anayepara samaki meza moja na Asmahani, alijiandikisha bila kumwambia mwenzake.

"Nilijua Dada Asma atanikataza," anasema Benedikta, aliyekulia kambi ya mkonge huko Muheza. "Lakini nina mama mgonjwa ndani, na kila siku nanunua maji ya mkokoteni. Nikasema acha wanicheke, mradi tangi nilipate."

Alianguka kabla hajafika katikati. Mkono wake wa kulia ulivunjika kwenye kifundo. Katika video, anguko lake limerudiwa polepole, tena na tena, likawekewa mlio wa kuku.

Asmahani aliiona kwenye simu ya mteja. Aliweka kisu chini, akanawa mikono, akaenda Chumbageni kwa miguu akiwa bado amevaa aproni yenye damu ya samaki.

"Mama, tulikuwa tunakutafuta," Yasini alimwambia mlangoni. "Wazo ni lako. Tutaweka jina lako mwisho wa kipindi."

"Liondoe jina langu, na hiyo video uiondoe," alimjibu. "Mimi nilikuwa nawasema wakubwa, sikuwa nawafundisha."

Yasini alimweleza kwamba washiriki wote walijiandikisha kwa hiari yao.

"Nikamuuliza, mwanangu, kwenu bomba linatoa maji? Akasema linatoa. Nikamwambia basi hujui hiari ni nini."

Alipotafutwa kwa simu, Yasini alisema kipindi hicho kilikuwa cha burudani na kwamba Benedikta alipewa pole. Benedikta anasema alipewa fulana.

Duru ya pili ilipangwa kufanyika Jumamosi iliyofuata. Wanawake walipokuwa wanajipanga, Asmahani aliingia katikati ya turubai na ndoo yake, akaipindua, akaikalia.

"Sikuwa na hotuba. Nilikaa tu."

Mwanamke mmoja akaja kukaa kando yake, kisha wa pili. Wengine walimzomea. Msimamizi alibembeleza kwa kipaza sauti, kisha akafoka, lakini ndoo zilizopinduliwa ziliendelea kuongezeka. Jua lilipokuwa kali, wapiga picha walikunja turubai, wakapakia tangi lao wakaondoka.

Hapo ndipo Queen, mama wa mapacha anayeishi jirani na Asmahani, alipomjia usoni.

"Umeninyima tangi," alimwambia. "Mkono ungevunjika, ungekuwa wangu, si wako."

Asmahani anaacha kupara anapolieleza hilo.

"Alisema kweli. Niliporudi nyumbani nililia kwa hasira. Wametufikisha mahali mtu anadai haki ya kuvunjika mkono."

Kesho yake alikwenda kwa Queen na kitoweo, wakazungumza mpaka adhuhuri.

Video bado ipo mtandaoni. Mkono wa Benedikta umeunga, lakini haukunjuki sawasawa, hawezi tena kushika kisu. Siku hizi yeye huita wateja na kupima samaki, Asmahani hupara, na kipato wanagawana nusu kwa nusu.

Mwezi ujao mtaa wao una mkutano wa hadhara. Mwenyekiti amekubali kumwalika ofisa anayehusika na maji, na jioni Asmahani na Queen huzunguka nyumba kwa nyumba kuwaita wanawake.

"Hatutaki ahadi, tunataka tarehe," anasema Asmahani, akivuta samaki mwingine. "Akiitaja, tutampigia makofi. Asipoitaja, hatuondoki, na yeye haondoki."