Meseji za kofia ngumu za dereva bodaboda ziliingia kwenye simu yangu mimi mama yake

Wajukuu zangu mnaoshinda humu, na nyie wakuu wenye mvi, marahaba. Shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjaandika, maana najua wengine hamtaandika.

Ninayosema yametokea nyumbani kwangu, Nachingwea. Nimeambiwa humu uongo mnauita chai. Mimi chai nainywa asubuhi na muhogo, humu sijaja nayo.

Shule niliishia la nne. Mjukuu wangu wa kike kanifungulia akaunti, kuandika naandika mwenyewe kwa kidole kimoja. Mkikuta herufi imekosewa, someni mbele.

Nina watoto wawili wa kiume, Issa mkubwa na Chande mdogo. Wote kazi yao bodaboda.

Issa alianguka njia ya Ruangwa. Kofia ngumu alikuwa nayo, lakini kaivalisha kioo cha pikipiki. Kichwa chake kikapiga lami.

Hakufa. Ila mtu mzima yule, leo vifungo vya shati namfunga mimi. Issa anamwamkia mke wake mwenyewe shikamoo, akidhani ni mama wa jirani.

Mngedhani Chande amejifunza. Wapi. Kofia yake ilikaa kiwikoni kama mkoba wa bi harusi. Ukimsema anakujibu, "Mama, joto. Halafu abiria asiponiona sura anadhani mwizi."

Basi siku moja simu yangu ikalia. Nikasoma polepole: "Dereva, leo umevaa kofia yako na kufunga mkanda?"

Mimi hata baiskeli sijui. Nikasema hawa ni wale matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Nikafuta.

Kesho yake ikaja nyingine: "Dereva, nyumbani wanakusubiri ukiwa mzima."

Hapo nikakaa chini. Nikamwita Chande, alikuwa anapaka oili mnyororo. Akacheka mpaka akashika tumbo.

Kumbe kuna watu walipita kijiweni kwao pale karibu na soko, wakaandika namba za madereva ili wawatumie meseji za kukumbusha kofia. Yeye hakutaka kusumbuliwa, akatoa namba yangu.

"Nilijua wewe meseji husomi, mama."

Sisomi. Sawa.

Tangu siku ile, kila meseji iliyoingia nilimsomea uani, asubuhi, kabla hajawasha. Herufi moja moja, kwa sauti, majirani wanasikia.

"Mama, maliza basi, nina abiria ananingoja."

"Nimefika kwenye mkanda. Tulia."

Akawa anavaa ili nimalize. Kijiweni wakampa jina, Mtoto wa Meseji. Akifika wanamuuliza, "Mtoto wa Meseji, leo mama kasomaje?" Alinuna, lakini alivaa. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mimi moyoni nikaanza kupumua.

Sasa sikilizeni kosa langu, maana wazee tunapenda kuficha ya kwetu.

Asubuhi moja nilikuwa nakwenda shambani kwangu Mtua kupalilia mikorosho, Chande anipeleke. Nimeshajifunga ushungi, jembe mkononi. Meseji ikaingia, nikasoma kama kawaida: "Dereva, na abiria wako amevaa?"

Chande akaniangalia. "Mama, hiyo ya leo si yangu. Ni yako."

Kofia ya abiria ilikuwepo. Ilikuwa jikoni, kuku wangu anaatamia ndani yake, mayai kumi na moja, wiki ya pili imeisha. Msicheke. Huku kwetu kofia ya abiria nyumba nyingi kazi yake ndiyo hiyo, au kupimia ufuta. Nendeni mkaangalie kwenu.

Nikamwambia, "Kuku hahamishwi. Mpaka aangue."

Akasema, "Basi na mimi nangoja kuku aangue."

Akaitundika kofia yake kwenye kioo, kama kaka yake. Akaniacha nimesimama na jembe, akaenda kuchukua abiria wa Mbekenyera, huko Ruangwa. Njia ile ile.

Shamba sikwenda. Nilikaa barazani na Issa. Kila baada ya muda kidogo ananiuliza, "Chande kaenda wapi?" Namjibu. Anasahau, anauliza tena. Nilipiga simu, haikupokelewa. Nikapiga tena, haikupokelewa.

Nikajiona mjinga. Mtoto mmoja nimeshampoteza akiwa hai, wa pili namshindania na kuku.

Nikaingia jikoni. Nikamtoa kuku, akanidonoa mpaka damu. Mayai nikayaweka kwenye kikapu chenye majani, akakataa kuyalalia, yakaharibika yote. Sijutii hata moja.

Kofia nikaifua kwa sabuni ya unga mara mbili, nikaianika juani.

Saa tisa Chande akarudi, mzima. Akaiona kofia juu ya kamba. Akaitoa yake kwenye kioo, akaifua na yeye, akaianika pembeni.

Kesho yake nikakata kipande cha khanga kuukuu, nikakivaa chini ya kofia. Harufu ya vichwa vya watu haikufikii, na ushungi hauharibiki. Kina mama, shikeni hilo.

Tukapita sokoni. Muuza dagaa akapaza sauti, "Mama Issa, unakwenda vitani?"

"Nakwenda Mtua. Na narudi."

Wakacheka wote. Wiki iliyofuata huyo huyo alikuja kuniomba kipande cha khanga.

Kijiweni sasa madereva watatu wameomba meseji zao zitumwe kwa mama zao. Mmoja ni Masanja, wa zile familia za wafugaji zilizohamia Mtua kutoka kanda ya ziwa. Mama yake hajui kusoma, kwa hiyo yake inakuja kwangu, nampigia simu namsomea. Anaipokea kwa Kisukuma chake, mimi na Kimwera changu, tunaelewana vizuri tu.

Nilichojifunza: meseji ikiingia kwa dereva, anaifuta. Ikiingia kwa mama yake, ina mdomo. Na mama akitaka ivaliwe, avae na yeye.

Mwenye la kusema aandike hapo chini, nitasoma zote, polepole. Anayetaka kunitukana aanze kwa kuniambia kofia yake iko wapi saa hizi.

Mimi nyumbani kwangu nilimaliza ubishi siku ile ile niliyorudi kutoka Mtua. Niliwaita Chande, wakwe zangu wawili na wajukuu, nikawaambia: funguo ya pikipiki kuanzia leo inalala kwenye pindo la khanga yangu. Anayeitaka aje ameshavaa, mkanda umefungwa, na abiria wake hivyo hivyo. Akija kichwa wazi, hata abiria akiwa mimi, twende kwa miguu.