Soksi za Tormod Mezani

Tormod Hauglien alichimba makaa ya mawe Longyearbyen, mji wa barafu karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, miaka ishirini na sita. Kwao hakuna anayeingia ndani na viatu. Vumbi la shimoni ndilo lililowafundisha wazee wao, na desturi hiyo ikabaki adabu. Mgodi ulipofungwa akapata kazi melini, kulinda watalii wasiliwe na dubu weupe wanaposhuka ufukweni. Watalii hao hakuwapenda hata kidogo.

Siku ya kwanza aliambiwa ale nao chakula cha jioni, na kwamba wanaume huvaa shati lenye kola. Akavaa jeupe alilolipiga pasi mwenyewe, akaacha mabuti mlangoni, akaketi na soksi za sufu alizofumiwa na dada yake.

Abiria mmoja mwenye tai, Bwana Reinhold, akachungulia chini ya meza.

"Mzee, viatu vimeliwa na dubu?"

Meza nzima ikaangua kicheko.

"Dubu hana haja na viatu, bwana. Huanzia kwenye tai."

Sunniva, msimamizi wa ukumbi, akaja mbio. "Vaa viatu, Tormod, au ukale kule chini na mabaharia."

"Kwetu hii ndiyo heshima."

"Hapa si kwenu."

Tormod akainuka, uso umemwiva. Viatu alikuwa na jozi moja tu, yale mabuti aliyoshinda nayo ufukweni akikanyaga mavi ya sili, wale wanyama wa baharini wanaolala pwani. Akayavaa vivyo hivyo, akarudi, akaburuta kiti mpaka ubavuni mwa Bwana Reinhold, ambaye tayari alikuwa ameziba pua kwa tai yake.

"Mlitaka viatu," Tormod akasema. "Haya, nipe chumvi."