Vumbi Ndani ya Nikeli

Fundi wa kuchomelea tuliyekuwa naye kibanda kimoja pale Kinoru hakunipenda, na mimi sikumpenda. Naandika hivyo mapema ili anayesoma apime maneno yangu.

Yeye kazi yake ni grainda, ile mashine ya kusaga chuma, na cheche. Mimi napaka nikeli bila stima: chuma kilichosafishwa kinazamishwa ndani ya dawa ya kijani yenye moto, na nikeli inajishika yenyewe polepole. Kila asubuhi alichungulia ndoo yangu. "Mama, supu ya sukuma wiki imeiva?" Wateja wake wakacheka.

Siku hiyo mama mmoja kutoka Embu aliniletea shafti fupi inayozungusha mashine yake ya kumenya kahawa, imeliwa na kutu. Kahawa alikuwa ameshachuma, na ikilala bila kumenywa inachacha.

Shafti ikiwa ndani ya dawa, nikamwambia fundi, "Zima grainda kidogo. Vumbi likiingia, nikeli itashika vumbi iache shafti."

"Kwani hiki kibanda ulijengewa na baba yako?"

Akaendelea. Mfuniko sikuwa nao, nikafunika ndoo na gunia la kahawa. Baada ya muda dawa ikafura povu, ikawa nyeusi. Shafti ikatoka na vipele vipele.

"Umeniharibia!" nikapiga kelele. "Ni cheche zako!"

"Zangu? Na hilo gunia lako linalomwaga nyuzi? Jilaumu, mama supu."

Nilichuja dawa kwa kitambaa nikitafuta haki yangu. Nikapata chembe za chuma chake. Nikapata pia nyuzi za gunia, zimevaa nikeli zinang'aa. Ni zipi zilianza kuharibu, sijui. Shule yangu ilikuwa kidogo, labda mwingine angejua.

Mwenye shafti aliporudi nikamwonyesha chembe na nyuzi.

"Sitaki kesi yenu," akasema. "Kahawa yangu inachacha. Nani ataifanya shafti izunguke leo?"

"Lete hapa, mama," fundi akamwambia.

Akavisaga vile vipele. Nilimwonya yule mama kwamba bila nikeli kutu itarudi, akasema afadhali irudi msimu ukiisha. Na lazima niseme, shafti ilisagwa vizuri, haikupinda. Lakini aliisagia karibu na ndoo yangu, cheche zikiruka ndani ya ile dawa iliyokufa, akiniangalia usoni.

Yule mama akamshukuru yeye. Mimi hakuniaga. Nafikiri alikuwa na haki, na bado nilimchukia fundi zaidi kuliko jana yake.