Siku Pikapu Ilipoondoka, Mitungi Ikabaki

Jamani, hii nawasimulia mkiahidi hamtacheka kabla sijamaliza, na najua ahadi yenu ni bure kwa sababu Kilonzo pale ameshaanza. Sawa, ni kweli, ni mimi. Ni mimi niliyesimamisha mbio za magari kule Riyadh mbele ya umati mzima, nimevaa jaketi la njano la kung'aa, na hakuna aliyenisukuma.

Wakati huo nilikuwa dereva wa nyumba moja pale Al-Safa, Jeddah. Kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini kule, Abu Rayan, alikuwa mtu mzuri (kelele nyingi, moyo safi), ila alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni pikapu yake. Kila alipoenda Riyadh alishindana na shemeji yake kwenye uwanja ule ambao magari mawili husimama sambamba, taa inawaka kijani, yananyooka moja kwa moja mpaka mwisho, na saa inasema nani amechelewa. Aliyechelewa alikuwa yeye. Kila mara. Shemeji mtu akawa anamtumia picha za kobe kwa simu.

Sasa mimi shida yangu ilikuwa likizo. Mtoto wangu Ndanu alizaliwa nikiwa nimeshaondoka Kenya, alikuwa tayari anaongea na mimi sijawahi kumshika hata kidole, na mke wangu Mwende alikuwa ameacha kuniuliza nakuja lini, jambo lililoniuma kuliko kuulizwa. Pasipoti iko kwa kafili, asiposema ndiyo huendi popote. Nikamwomba Krismasi. Akapiga boneti ya pikapu kofi.

"Yusuf," akasema (mimi ni Joseph, lakini nani anauliza), "hii gari ishinde shemeji, wewe Krismasi nyumbani. Ikishindwa, mafi, hakuna likizo. Halas."

Basi nikageuka fundi ghafla. Nilienda mtaa wa Ghulail kwa fundi Bwana Haji, Mzanzibari aliyezaliwa hukohuko Jeddah lakini Kiswahili chake utadhani ameshuka Unguja jana, akaizunguka pikapu, akaguna.

"Injini iwache, mwanangu. Gari hili linabeba takataka tu. Lipunguze uzito, lipe pumzi, na matairi ya nyuma yatoe upepo kidogo yapate kushika."

Nikaweka chujio jipya la hewa. Nikatoa tairi la spea, sanduku la vyuma, viti vya nyuma, mazulia, hadi jeki. Kila nilichokifungua nilijiona nimesogea karibu na Ndanu, na kama ningeruhusiwa ningetoa hata milango. Tulipoijaribu Abu Rayan alicheka peke yake kama mtoto, ila kulikuwa na tatizo, kwamba nyuma sasa ilikuwa nyepesi mno na ukikanyaga mafuta magurudumu yanazunguka palepale yakitoa moshi. Bwana Haji akasema siku ya mbio nitie magunia ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma, niyafunge barabara. Kwanza toa uzito, halafu rudisha uzito! Nikasema ndiyo ndiyo, nimeelewa.

Tulifika Riyadh alasiri, na Abu Rayan, badala ya kupitia kwa mama yake kwanza, akaelekea uwanjani moja kwa moja. "Mama atangoja kidogo," akasema. Nyuma tulikuwa tumembebea mitungi ya Zamzam, yale maji matakatifu, maana wale watu hawaendi kwa wakubwa wao mikono mitupu wakitoka upande wa Makka, na yule mama alikuwa ameyaagiza maji yale kwa simu zaidi ya mara moja. Nikaishusha mitungi kivulini, nikaifunika blanketi, nikang'oa na mlango wa nyuma wa bodi ili kupunguza kilo za mwisho, nikajipongeza.

Halafu nikakumbuka mchanga. Jangwa lote limenizunguka, mchanga mpaka kwenye meno, na sina gunia hata moja! Nilizunguka kuomba, hakuna. Magari yanaitwa. Abu Rayan anapiga honi, "Yalla, Yusuf, yalla!" Nikaangalia kivulini, nikaiona mitungi imejaa, mizito, imekaa vizuri, na mimi mtoto wa kanisa nikaona maji tu. Nikaipakia yote juu ya ekseli, nikaizungushia kamba ya mpira, ile inayovutika. Ndiyo, inayovutika. Na mlango wa nyuma haupo, nimeung'oa kwa mikono yangu.

Taa ikawaka kijani. Wallahi ile pikapu haijawahi kuondoka vile. Iliruka. Pikapu ikaondoka, mitungi ikabaki, yaani kwa kufumba na kufumbua niliiona imening'inia hewani haina chochote chini yake, kisha ikaanguka mmoja baada ya mwingine, ikapasuka, mingine ikabiringika kwenye njia ya pili.

Mfanyakazi mmoja akaja mbio na ufagio wa kusukuma maji. Mzee mmoja jukwaani akaona maandishi kwenye mtungi akapiga kelele, "La! La! Zamzam!" Ufagio ukaanguka chini. Hakuna aliyethubutu kukanyaga, hakuna aliyethubutu kufagia, mbio zikasimama, na watu wakamiminika na vikombe, vifuniko vya chupa za chai, mmoja kavua helmeti yake kakinga mtungi unaovuja. Mimi nikakimbilia ile iliyosalimika, nikaikumbatia miwili, nikateleza, nikakaa kwenye maji. Nikainuka, nikateleza tena. Simu zote zilikuwa juu zinanirekodi.

Na bosi? Bosi alifika mwisho, akaona saa yake, muda mzuri kuliko wowote wa maisha yake, shemeji yuko nyuma kabisa. Akageuza, akarudi polepole, kichwa nje ya dirisha, mikono miwili juu, akidhani umati ule umemshukia yeye. Alipoelewa, mikono ilishuka mmoja mmoja. Waamuzi wakafuta ushindi kwa sababu amemwaga mzigo njiani, na shemeji akacheka mpaka akaketi chini.

Hakunigombeza. Alisema tu, "Wewe utamwambia mama."

Nikasimamishwa mbele ya yule bibi, ameketi na kahawa yake, nguo zangu bado zina maji. Nikamwambia yote kwa Kiarabu changu cha kuokoteza, tangu mchanga hadi kuteleza. Akaweka kikombe chini. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Ulifika Riyadh alasiri," akasema, "ukaenda mbio kwanza, kabla ya kuja kwangu? Na ulinipigia ukasema barabara ina magari mengi?"

Abu Rayan akanitazama kwa macho ambayo nayaota mpaka leo. Bibi akaniuliza kwa nini nilitaka gari likimbie hivyo. Nikamweleza habari za Ndanu na lile sharti la likizo, siwafichi.

"Mtu ana mtoto hajamwona, nawe unamchezea na magari?" akamwambia mwanawe. "Aende kwao."

Tuliporudi Jeddah pasipoti ilitoka, na muhuri wa viza ya kwenda na kurudi.

Kwenye ndege niliapa mambo mawili: sitagusa tena mzigo wa mtu bila kuuliza, na sitajiaibisha tena hadharani maisha yangu yote. Nilitua Nairobi na suti mpya, nimenyooka kama mbunge. Mwende yule pale analia, na Ndanu amejificha nyuma ya sketi yake, hataki kunitazama. Nikachuchumaa, nikamwita. Hataki. Nikamtolea mdoli. Hataki. Mgeni ni mgeni, moyo ukanivunjika pale pale. Kisha akachungulia, akanikazia macho, akavuta sketi ya mama.

"Mama! Ni yule wa kuanguka kwa maji!"

Kumbe ile video ilishafika nyumbani, na alikuwa anaililia irudiwe kila jioni. Akatoka nyuma ya sketi, akanisogelea, akanishika suruali.

"Anguka," akasema.

Nikaweka mdoli juu ya sanduku, nikafungua kifungo cha koti, na mbele ya uwanja mzima wa ndege nikaanguka.