Wilfred Apima Maji

Wilfred Entwistle aliendesha mabasi pale Accrington, mji wa Waingereza, mpaka akastaafu, na siku zake zote hakuwahi kukata kona bila kuwasha taa. Mkewe alikuwa ameshafariki. Jirani yake Enid, mjane naye, alimletea keki kila Jumapili, na yeye akampalilia mawaridi yake. Sasa Enid alikuwa anahamia Kanada kwa bintiye, na Wilfred alitaka kumwomba abaki, waoane.

Akamweleza rafiki yake Clifford walipokuwa baa.

"Jitose, mzee!" Clifford akasema, povu la bia mdomoni. Watu wa huko husema hivyo kwa kila jambo lisilojulikana mwisho wake, iwe ndoa au duka, kana kwamba dunia nzima ni bwawa. "Miguu yote miwili!"

"Na akinikataa? Tunapakana ukuta."

"Basi chovya kidole cha mguu kwanza, uone kama maji ni baridi. Ila usikae ukingoni na taulo mkononi, bwana. Watu wanakutazama."

Hilo la kidole ndilo lililomkaa Wilfred moyoni.

Jumamosi, mvua ikinyesha, akabisha kwa Enid. Masanduku yalikuwa tayari mlangoni. Wilfred akanywa chai, akaisifu chai, akailaumu mvua. Mwishowe akasema, "Kuna watu huku watakukumbuka, nadhani."

"Nani huyo, mpenzi?" Huko hata muuza nyama huitwa mpenzi, kwa hiyo neno hilo halikumpa nguvu.

"Aa, watu tu. Mtaa mzima."

"Mtaa mzima," Enid akasema polepole. "Nyumba sijaiuza bado, unajua. Dalali anaweza kungoja."

Wilfred akaona si adabu kumsumbua mtu aliyekwisha kufunga mizigo. "Usiwe na wasiwasi," akamwambia. "Itapata mnunuzi. Nyumba nzuri hii."

"Ndiyo," Enid akasema. "Nyumba nzuri." Akaanza kuondoa vikombe, na chai bado imo.

Siku ya safari Wilfred alimbebea masanduku hadi kwenye teksi. "Umekuwa jirani mwema," Enid akamwambia, akafunga mlango.

Teksi ikaondoka. Wilfred akabaki barabarani ananyeshewa, akitumaini itarudi kufuata kitu kilichosahauliwa. Lakini Enid hakuwa mtu wa kusahau vitu.